Mara Mbili kwa Mpini

Mwanangu Zeyana,

Habari za koti, soksi za sufi na kutokula vya dukani kila siku, mamdogo wako Mwanaisha amekwisha kukwambia, na amezirudia mpaka mimi nimezihifadhi. Kesho asubuhi basi lako linaondoka. Huko mpakani na Wales baridi utaijua mwenyewe, na njia ya kwenda kazini utaipata bila ya mimi kukuchorea. Mimi nakuandikia kwa sababu ya lile la juzi mezani. Nataka ulisome ukiwa njiani, nisipokuwepo kukuangalia uso.

Juzi ulirudi kutoka kuwaaga wazee, ukakaa kwenye kiti chako pale jikoni, ukatoa mfukoni nyundo ya mti, kuukuu, kichwa kimelika upande mmoja. Ukaigeuza, ukagonga meza kwa mpini mara mbili. Ukacheka, ukasema, "Babu Hamadi told me to do that. Kasema nisiseme kitu, nigonge tu." Mimi nikainuka, nikauacha wali wangu, nikatoka nje bila koti. Ukaniuliza mlangoni, "Baba, what did I do?" Tangu hapo tunapishana humu ndani kama wapangaji.

Hukufanya kitu, mwanangu. Ulitumwa, na aliyekutuma anajua vizuri sana alichokutuma, maana duniani tumebaki watu wawili tu tunaojua maana ya kugonga kule, mimi na yeye. Sasa nataka uwe wa tatu. Unakwenda kufanya kazi ya viunzi vya mwaloni, na mimi mwaloni ndio niliolipia kisasi. Nimelipa, na sijutii yote. Ninalolijutia nitakuonesha tukifika.

Karakana ya babu yako, Fundi Faki, ilikuwa Ng'ambo, vyumba viwili na baraza. Mbao za mvule zilipangwa zikatengwa kwa vipande katikati upepo upite, na nyingine zilikaa miaka kabla hajazigusa. Ubao mbichi babu yako hakuutia mkononi. Alikuwa akisema, "Ubao mbichi muongo, leo unakwambia hivi, kesho umegeuka." Alikuwa na wanafunzi kadhaa, na mkubwa wetu alikuwa huyo Hamadi, mtoto wa jirani aliyelelewa kwenye sahani yetu. Mimi na yeye tulilala mkeka mmoja. Bibi yako alikuwa akimkatia yeye mkate kwanza kwa kuwa si wa kumzaa, na mimi nikinuna.

Pale karakana kulikuwa na ada moja sijaiona kwengine. Mteja akiwa amekaa barazani, haikuwa adabu fundi kumwambia fundi mwenzake, "Unakosea hapo." Kumuumbua mwenzio mbele ya watu, kwa babu yako, kulikuwa kubaya kuliko kuharibu ubao. Kwa hiyo ukimuona mwenzio anataka kukata pasipo, unaigeuza nyundo yako, unagonga benchi kwa mpini mara mbili, kisha unaendelea na shughuli yako hata hukumtazama. Yeye atasita, atautazama tena mstari wake. Mteja hana habari, anakunywa kahawa yake. Tulikuwa tukigongeana kutwa nzima na hakuna aliyeona haya, hata babu yako mwenyewe tulimgongea. Faida yake kubwa ilikuwa kwamba usiposikia kitu unakata kwa moyo mmoja. Ukimya wa mwenzio ndio uliokuwa dhamana yako.

Siku zile za mwanzo baada ya Mapinduzi, wengi walifunga milango. Babu yako alikuwa ameazimisha baraza yake kwa mikutano ya chama kilichoshindwa, na hilo lilikuwa linajulikana mtaa mzima. Aliamka asubuhi ile na wazo la kwenda kujificha shamba kwa shemeji yake. Lakini kulikuwa na kitanda cha harusi cha watu hakijakwisha, na yeye ahadi ilimtesa kuliko hofu. Akasimama mbele ya benchi, akamwambia Hamadi, "Hamadi, wewe ndiye unayetembea mjini. Unaonaje, nifunge niondoke, au niwamalizie watu kitanda chao?"

Mimi nilikuwa pale, nasugua miguu ya kitanda kwa msasa. Hamadi alikuwa anapiga randa. Hakuinua uso. Nyundo yake ilikuwa kando ya mkono wake, karibu hivi. Nilimuona babu yako akiitazama ile nyundo, akingoja. Randa ikaenda, ikarudi, ikaenda. Hatimaye babu yako akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema, "Basi salama," akachukua msumeno wake.

Kabla ya adhuhuri walikuja watu na bunduki. Mmoja wao alipomuona Hamadi alicheka, akamwambia, "Kumbe umewahi, Hamadi, wala hukutungoja!" Hapo ndipo nilipojua kwamba alikuwa nao usiku, na kwamba alijua. Babu yako alimtazama yeye, hakuwatazama wale wenye bunduki. Kisha akaniambia mimi, "Suleiman, usiache gundi ikauka." Wakamchukua. Hatukumuona tena, wala kaburi lake hatulijui lilipo.

Karakana ikatangazwa ni mali ya umma. Umma wenyewe ulikuwa mtu mmoja, na funguo zilikuwa mfukoni mwake. Mbao za mvule alizozikausha babu yako aliziranda Hamadi, akatengeneza meza za wakubwa. Bibi yako alipita siku moja akazisikia zinapigwa msumeno, akarudi nyumbani akajifunika shuka mchana kweupe. Mimi nilikuwa kijana mwenye mikono yenye nguvu na sikumfanya kitu Hamadi, kwa sababu ya bunduki zilizokuwa nyuma yake. Nilimwekea.

Yaliyofuata umeyasikia mara nyingi, Mombasa, meli, na chumba cha Kilburn tulimolala wanaume wanne tukipokezana kitanda kimoja. Nilifagia stesheni. Nilibeba makreti ya maziwa. Halafu yadi moja ya mbao, huko mashariki ya Stratford, ikataka mtu wa kubeba, nikaenda nikabeba, mpaka siku waliponiona nikinoa patasi ya mtu. Wao kazi yao ilikuwa kutengeneza maghala ya kale ya wakulima na kujenga mapya kwa namna ileile ya kale, nguzo na boriti za mwaloni.

Na mimi, mtoto wa Fundi Faki, siku ya kwanza nikawacheka. Walikuwa wanachonga mti unaovuja maji. Nikamuuliza msimamizi wetu, mzee mmoja akiitwa Len, tutazingoja mbao hizi mpaka lini. Akaniambia hatungoji, mwaloni ukikauka unakuwa jiwe, patasi inakatika. Unaukata mbichi, unausimamisha mbichi, na unaupangia tangu mwanzo jinsi utakavyojikunja. Unajua sasa, nimekufundisha mwenyewe: tundu la ulimi, ile ncha ya boriti inayoingia ndani ya nguzo, unalitoboa pembeni kidogo ya tundu la nguzo, ili kigingi kikiingia kivute kiungo kikaze, na mti ukisinyaa ubaki umekaza. Vigingi viwe vikavu, vimepasuliwa kwa kufuata uzi wa mti. Na chuma usiutie. Hilo nililijua kwa kosa langu, maana niliacha patasi juu ya boriti jioni moja, asubuhi nikaikuta imeliwa kutu, na chini yake pameandikika umbo la patasi, jeusi kama wino. Len akaniambia huo mti una maji makali, kila chuma utakachoupa utakila, na utalia machozi meusi mpaka wajukuu wako wazeeke. Nilicheka siku hiyo. Nikaliweka kichwani.

Nilikuwa nimekwisha kumuoa mamako, na wewe umekwisha kuzaliwa, alipofika Hamadi London. Zamu yake ilikuwa imefika na yeye, wale wakubwa wa meza wamemchoka, akatoka na mkoba mmoja. Nilimuona swala ya Idi. Alifungua mikono yake. "Suleiman, ndugu yangu!" Akanikumbatia mbele ya watu, nami nikasimama kama nguzo. Watu wakafurahi. Jioni ile nzima nilisikia, "Yaliyopita si ndwele, Suleiman, tugange yajayo." Nimewachunguza wanaousema sana msemo huo, na wengi wao yaliyopita hayakuwachukulia mtu.

Haukupita muda akawa mwenyekiti wa jumuiya yetu. Alikuwa na sauti ya kuzungumza na watu wa halmashauri, alikuwa anajua kulia matangani. Wewe ulimpenda. Alikuwa na pipi mfukoni na alikwita "fundi" ungali mdogo, wakati wazee wengine wakisema mtoto wa kike na msumeno wapi na wapi. Ilinichoma kwamba ni yeye aliyeliona hilo kabla yao.

Maiti zetu zilikuwa zinangoja. Tulikuwa tunaomba nafasi kwa watu, mara hapa mara pale, mtu wetu akifa tunaambiwa njooni kesho kutwa. Ndipo jumuiya ikanunua ile nyumba ya nyuma ya Stratford yenye ua mrefu, Hamadi akapewa chumba cha mbele akae aiangalie, na ikakatwa shauri kujenga uani chumba cha kuoshea maiti na ukumbi mdogo wa kusomea hitima. Watu wa mipango miji wakakataa msingi mzito kwa sababu ya mizizi ya mti wa jirani. Nikasema mimi naweza kiunzi cha mwaloni juu ya vipande vya mawe, hakitagusa mzizi wa mtu. Wakakubali haraka, maana fundi alikuwa wa bure.

Ramani niliichora kwenye meza ileile uliyoigonga. Wewe ulikuwa unakaa mapajani kwangu ukizipaka nguzo rangi ya chungwa, na mamako anatufukuza ili aweke sahani. Nilikipenda kile kiunzi, mwanangu. Nilichagua kila gogo mwenyewe. Upande wenye mgongo nikauelekeza juu, ili uzito ukija uunyooshe. Nilikata ndimi zote mwishoni mwa wiki, kwa ruhusa ya yadi, na vigingi nikavipasua vya kujaza gunia. Naapa kwamba mpaka siku ya kusimamisha sikuwa nimewaza ubaya wowote juu ya jengo lile. Ubaya nilikuwa nao, ila nilikuwa sijapata pa kuuweka.

Siku ya kusimamisha walikuja watu wengi. Mwanaisha na wenzake walipika pilau uani, wanaume wakashika kamba, nyinyi watoto mkaruka kamba nyingine pembeni. Nguzo zikasimama, boriti zikakaa kwenye matundu yake bila kusukumwa. Nilifungua gunia la vigingi. Ndipo alipotoka Hamadi, na kanzu yake na koti juu, akaja akashika kigingi kimoja, akakitazama mbele ya kamati yote.

"Vijiti hivi?" akasema. "Suleiman, tutawaweka maiti wetu chini ya vijiti? Mlango wa Unguja bila ya msumari wa chuma ni mlango? Sisi ni watu wa misumari, bwana. Nendeni dukani mkanunue bolti ndefu na misumari ya vichwa vikubwa, ipangike ipendeze." Kisha akapapasa nguzo, mkono ukarudi umerowa. "Na mbona mbichi? Leteni hita, tukifunga kuta tuzikaushe kabla ya Ramadhani."

Alikuwa anasema kama alivyofundishwa na babu yako. Kwa mvule mkavu, yote yale yalikuwa sawa. Kamati ikatikisa vichwa. Halafu yeye akanigeukia, na hakunitazama usoni. Alitazama mkono wangu. Nyundo yangu ilikuwa kando yake, karibu hivi. Watu wote wale walikuwa mteja, na yeye alikuwa fundi anayetaka kukata, anangoja.

"Unaonaje?" akaniuliza.

Maneno yaleyale. Hata sauti.

Nilisema, "Sawa, Mwenyekiti."

Sikugonga. Niliiacha nyundo pale ilipo. Nikamuona anavuta pumzi, anaridhika, na nikamkumbuka babu yako alivyoridhika. Chuma kilipoletwa nilikipigilia mwenyewe, kimoja kimoja, kwa mkono wangu, na vigingi vyangu vikachomwa chini ya sufuria la chai. Ilikuwa tamu, mwanangu, sitakudanganya. Pilau ya siku ile sikumbuki ladha yake, lakini ile naikumbuka.

Mwaloni ukaanza kazi yake. Hita zilipowashwa nguzo zikapasuka kwa sauti, watu wakadhani ni fataki. Iliposhika mvua ya kwanza, kila kichwa cha msumari kikatoa mstari mweusi ukashuka mpaka chini. Nguzo ya mlangoni ikajizungusha. Watu wakaipa jina, Nyumba ya Wino. Kwenye harusi mtu akitaka kuchekesha anajipangusa kidole ukutani, anamwonesha mwenzake, "Mwenyekiti ametia sahihi." Nilikuwa nakaa pembeni nakunywa chai yangu nasikiliza. Wanasema kisasi hakishibishi. Kwangu kilinishibisha, na nilishiba miaka.

Jambo moja tu lilinikera. Hamadi hakusema. Alipoona tone la kwanza jeusi alijua, nilimuona alivyonitafuta kwa macho katikati ya watu. Angeweza kuwaambia, "Fundi wenu alinyamaza makusudi." Hakusema hata siku moja. Aliubeba ule ujinga wote peke yake, na mimi nikasema ndani ya nafsi yangu, beba, bado.

Kisha mamako akafa.

Ulikuwa mkubwa wa kutosha kukumbuka, na najua unakumbuka, ila hukujua ulichokiona. Tulimleta asubuhi. Wanawake wakatangulia na ndoo na sabuni na sanda. Mimi nilikuwa nimesimama ukumbini na wanaume, Mwanaisha akaja mbio, kilemba kimemtoka, akaniambia, "Shemeji, mlango umekataa." Ile nguzo iliyojizungusha ilikuwa imeubana mlango mpaka hauendi. Mamako alikuwa amelazwa chini kwenye ujia, juu ya mkeka, na watu wanamruka. Wanamruka, Zeyana. Nikauwekea mlango bega langu. Haukwenda. Nikahisi bega jengine kando ya langu, nikageuka, alikuwa Hamadi. Tukasukuma pamoja, mara moja, mara ya pili, mpaka ukapasuka kwenye bawaba. Wewe ulikuwa umesimama umeshika ndara za mamako. Ndani, pale juu ya kitanda cha kuoshea, mistari myeusi ilikuwa imeshuka kutoka darini mpaka sakafuni, na wanawake wakatundika mashuka meupe kuificha kabla hawajamuingiza. Nilimkusudia Hamadi, akapatikana mamako.

Hilo ndilo ninalojutia. Mengine, la. Na usidhani kwamba siku ile nililainika. Nilimchukia zaidi, kwa sababu alikuwa amenifanya nifanane naye. Yeye alinyamaza mbele ya benchi na mimi nikanyamaza mbele ya benchi, na wote wawili tulikuwa na nyundo.

Kazini kwako utakutana na watu wa kuchukia. Mimi sikwambii usiwachukie, sina sura ya kulisema hilo. Bibi yako alinifundisha kusamehe kwa mdomo wake na kutosamehe kwa mfano wake, na mimi nilishika mfano. Lakini ukiwa na mtu wa kumlipa, mlipe yeye, uso kwa uso, kwa maneno au kwa mkono, nje ya kazi. Usimlipe kwa kiungo. Jengo halijui ulimkusudia nani. Litakaa pale likingoja, na atakayepita chini yake siku likijipinda si lazima awe yeye. Unapochora ramani yako, weka ndani yake unaowapenda, wakae, wazunguke, kisha ndiyo uamue wapi pa kutia nini. Mimi nilichora nikiwa nawe mapajani na rangi yako ya chungwa, na mamako kando, halafu nikasahau kwamba mlikuwamo.

Sasa nyundo. Ile ni ya babu yako. Nilidhani ilikwisha kuchomwa zamani. Pale ilipolika kichwa ni kwa sababu babu yako alikuwa mkono wa kushoto, anapiga kwa upande. Hamadi ameificha miaka yote hii, ameitoa Unguja na mkoba mmoja, na chumba chote cha nguo akakiacha. Hakunipa Idi, hakunipa msiba wa mamako. Amengoja mpaka miguu imemvimba haendi tena mikutanoni, na wewe unaondoka, akakupa wewe unigongee.

Nimekaa siku mbili nikiulizana na nafsi yangu amegonga nini. Huenda ni ile ya asubuhi ile, aliyokuwa anadaiwa na babu yako, ameileta akiwa amechelewa kiasi hiki. Au labda amenigongea mimi, kwamba nataka kukata pasipo, nitazame tena mstari wangu. Ikiwa ni ya kwanza, basi amempelekea asiyekuwepo. Ikiwa ni ya pili, nasema tu kwamba ana ujasiri. Vyovyote, mkono aliotumia ni wako, na hilo nalo nimemwekea.

Nyundo ichukue. Ni haki yako, imerudi nyumbani kwa mlango wa nyuma lakini imerudi. Kichwa usikirande, kiache kilivyolika. Huko karakana kwenu waambie wenzako maana ya kugonga kwa mpini, waambie ni ada ya kwenu. Na wewe mwenyewe ukimuona mtu anataka kukata pasipo, mgongee. Hata kama ni mtu ambaye ungependa aangukiwe. Hasa huyo. Ukishagonga, una ruhusa ya kumchukia mpaka kesho.

Mimi Jumamosi ninakwenda Stratford. Nimeomba ngazi na mihimili ya kutegemezea kutoka yadi. Nitategemeza boriti, nitang'oa chuma kimoja kimoja, kile ambacho mwaloni haujakimaliza, na nitatia vigingi mahali pake, vigingi nilivyopaswa kuvitia siku ile. Nguzo ya mlango nitaikata upya chini, nitaunga mti mpya. Doa jeusi halitoki, likae. Simfanyii Hamadi. Mwanaisha ataoshwa mle, na mimi nitaoshwa mle, na sitaki wewe uje siku hiyo kutoka mbali ukute mlango umekataa.

Yeye chumba chake ni kile cha mbele, hatoki tena, atanisikia kutwa nzima. Atajua ni mimi. Ataweka sikio, nina hakika, atakuwa anangoja zile mbili. Basi kila kigingi nitakipiga mara tatu, au nne, au sita, na nitahesabu vizuri nisije nikasahau. Na siku yake ikifika akiletwa pale uani kwenye jeneza, mlango utafunguka kwa kidole kimoja. Hilo nitampa. Mbili, la.

Radhi zangu zote nimekupa wewe, chukua uende nazo. Usirudi kumgawia.

Babako,
Suleiman Faki